Sheria ya Siku Ile

Sisi wakazi wa Mgololo tunaijua karatasi kabla haijawa karatasi. Tunauona mti wa mpaina ukiwa bado umesimama mlimani, tunauona ukishushwa juu ya magari ya magogo, na siku upepo ukigeuka tunainusa harufu ya kiwanda hadi jikoni. Kiwanda hiki kilianza kutoa karatasi mwaka 1985, kikaja kusimama katika miaka ya tisini, na mwaka 2004 kikauzwa kwa mwekezaji, kikaanza maisha mapya kwa jina la Mufindi Paper Mills. Nayataja haya kwa sababu habari ninayotaka kuieleza hapa ni habari ya karatasi, tena karatasi moja ndogo iitwayo cheti, na namna ilivyowatoa jasho walimu wa nchi hii.

Ndugu msomaji, nilihitimu chuo cha ualimu mwaka 1972, nikaanza kazi Januari 1973 katika wilaya hii ya Mufindi, na nikastaafu mwaka 2012 nikiwa mwalimu mkuu. Katika miaka hiyo 39 niliiona Serikali ikishusha kizingiti cha kuingia katika ualimu, ikakipandisha, ikakishusha tena, ikakipandisha tena. Kila kilipopanda, kuna walimu waliojikuta wamesimama chini yake, ingawa siku walipoingia mlangoni hakuna aliyewaambia wainue mguu. Wawili kati ya hao niliwafahamu kwa karibu. Majina yao nitayahifadhi. Mmoja alikuwa na haki, mwingine hakuwa nayo, na mimi nilikuwa na sehemu yangu kwa wote wawili.

Nianze na historia. Novemba 1974 Chama cha TANU kilikutana Musoma na kuamua kwamba watoto wote wenye umri wa kwenda shule wawe wameandikishwa ifikapo mwaka 1977. Mpango wa awali ulikuwa kulifikia lengo hilo mwaka 1989, kwa hiyo miaka 12 ilikatwa kwa kikao kimoja. Watoto walikuwapo na wazazi walikuwa tayari kufyatua matofali. Walimu ndio hawakuwapo. Vyuo vyote vya ualimu nchini, hata vingejazwa hadi kwenye korido, visingeweza kuwatoa walimu waliohitajika kwa muda ule.

Hapo ndipo walipoitwa vijana waliomaliza darasa la saba. Nasema waliitwa, na ninaomba msomaji alikumbuke neno hilo. Kwa miaka 3 vijana hao walifundisha huku wakijifunza: kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa kukutana na wakufunzi na walimu wenye ujuzi zaidi. Mwishoni walikwenda chuoni kwa majuma 6, wakafanya mtihani, na waliofaulu wakapewa cheti cha ualimu. Nchi ilipata kwa njia hiyo walimu zaidi ya 35,000. Watu wa mjini waliwaita "walimu wa UPE" kwa namna ya kuwadogosha, kwa herufi za Kiingereza za mpango ule wa elimu kwa wote. Lakini kama wewe unayesoma ukurasa huu ulijifunza kusoma kijijini mwishoni mwa miaka ya sabini au katika miaka ya themanini, kuna uwezekano mkubwa kwamba kidole cha kwanza kukuonyesha herufi "a" kilikuwa cha mmoja wao.

Shuleni kwetu waliletwa watatu mwaka 1977. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 25, mwenye Daraja la A, na kwa sababu hiyo nilikabidhiwa kuwasimamia. Mmoja wao alikuwa binti wa miaka 17. Alikuja na sanduku la bati na kanga mbili, akapewa darasa la kwanza lenye watoto wengi kuliko madawati. Jioni alikuwa akija na kijitabu chake cha masomo ya posta, tunakaa kwenye baraza, na taa ya chemli ikianza kutoa moshi ananiuliza, "Mwalimu, hapa wamesema nini?" Nilimweleza nilichokijua. Mwaka 1980 alifaulu, akawa Mwalimu wa Daraja la C. Hakuondoka darasa la kwanza tena maisha yake yote. Baadhi ya watoto aliowafundisha walikuja kuwa mameneja wa kiwanda hapa bondeni.

Je, ajira yake ilikuwa halali? Ilikuwa halali kabisa. Utumishi wa walimu ulikuwa umeunganishwa tangu 1962, baada ya kufutwa kwa utaratibu wa kikoloni wa kuzigawa shule kwa rangi. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 nayo ilitaka mtu yeyote anayefundisha awe amesajiliwa kuwa mwalimu au awe na leseni ya kufundisha. Sifa za kusajiliwa ziliamuliwa na Serikali yenyewe, na Serikali yenyewe ilikuwa imesema kwamba darasa la saba na mafunzo yale ya miaka 3 yanatosha. Hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Kisha kizingiti kikaanza kupanda. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilitamka kwamba anayetaka kujiunga na mafunzo ya Daraja la A awe amefaulu kidato cha nne kwa kiwango kisichopungua daraja la tatu. Walimu wa Daraja la B na C wakatakiwa kujiendeleza. Tarehe 20 Mei 2004 ukatoka waraka wa utumishi ambao ulitaka kila anayeingia katika utumishi wa umma awe na elimu isiyopungua kidato cha nne. Tarehe hiyo iandike mahali, kwa maana tutairudia.

Ajabu ni kwamba miaka ileile kizingiti kilikuwa kinashuka upande wa pili wa nyumba. Shule za sekondari za kata zilipoota kama uyoga, walimu wakawa haba, na vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya mwezi mmoja na leseni, wakapelekwa kufundisha. Wananchi, ambao hawakosi jina, wakawaita "voda fasta". Mwaka 2016 tukaona tena: wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma walirudishwa makwao mwezi Mei, na baadaye wakachambuliwa. Wengine walipelekwa vyuo vya ualimu kumalizia, na wengine wakaambiwa hawana sifa. Tatizo hili, basi, halikuzaliwa na kizazi kimoja wala na kiongozi mmoja. Shida ikibana, mlango unafunguliwa. Shida ikipungua, walioingia wanaulizwa nani aliwafungulia.

Uhakiki mkubwa wa vyeti ulifanyika kati ya mwaka 2016 na 2017, kwa kuvilinganisha vyeti vya watumishi na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Tarehe 28 Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti mjini Dodoma. Watumishi waliohakikiwa walikuwa 400,035. Waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932, na waliokuwa na vyeti pungufu walikuwa 11,596. Walioghushi walipewa hadi tarehe 15 Mei waondoke wenyewe, la sivyo sheria ishike mkondo wake. Viongozi wa kisiasa hawakuhusika na uhakiki ule, jambo ambalo lilizungumzwa sana vijiweni, hata hapa kwetu palipo na ukungu na ulanzi.

Wiki hiyohiyo, mvua ikinyesha, nilisikia mtu anabisha hodi. Alikuwa yule binti wa 1977, sasa mama mwenye wajukuu, umri wake miaka 57.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, Mwalimu. Karibu ndani, umelowa."

Hakukaa. Alitoa bahasha ya nailoni kifuani, akaniambia kwamba ofisi moja imemtaka apeleke cheti cha kidato cha nne na kwamba jina lake limewekwa pamoja na wale wenye mapungufu. "Baba, mimi kidato cha nne sijawahi kukisoma, na wewe unajua. Sasa nikakitoe wapi?" Kisha akasema neno ambalo liliniuma kuliko yote: "Kuna kijana mmoja mjini anavitengeneza. Watu wanasema ni laki tatu."

Nilimwambia, "Mwanangu, ukinunua karatasi hiyo leo, utakuwa umeghushi kwa mara ya kwanza katika maisha yako, tena ili uthibitishe kwamba hujawahi kughushi." Nikamwomba bahasha. Ndani yake palikuwa na cheti cha darasa la saba, cheti cha ualimu cha mwaka 1980, barua ya ajira iliyopigwa kwa mashine ya chapa, na barua ya kuthibitishwa kazini. Alikuwa amezitunza kwa miaka 37 kama mtu atunzavyo mbegu. Mimi nilikuwa na daftari langu la usimamizi la mwaka 1977 hadi 1980. Tuliandika maelezo ya kurasa mbili, tukaambatisha nakala, tukaenda Mafinga kugonga mihuri. Hatukuomba huruma. Tuliuliza swali moja tu: siku alipoajiriwa, sheria ilitaka nini?

Swali hilo ndilo moyo wa insha hii. Mashauri ya namna hii, yawe ya mwalimu wa UPE au ya dereva wa halmashauri, hayawezi kuamuliwa kwa haki kwa kuuliza tu, "Una cheti gani?" Lazima kwanza uulize, "Uliingia lini, na siku hiyo kizingiti kilikuwa wapi?" Sifa mpya humfunga anayekuja. Haiwezi kurudi nyuma miaka 40 na kumgeuza mtu mwaminifu kuwa mdanganyifu.

Serikali yenyewe ilifika hapo. Aprili 2018 ilitangazwa bungeni kwamba watumishi wa elimu ya darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 waendelee na kazi hadi watakapostaafu kwa mujibu wa sheria, na walioondolewa warudishwe. Ile tarehe niliyoomba uiandike ndiyo iliyowaokoa. Mwalimu wetu alikuwa amepata jibu lake miezi michache kabla ya hapo, mstari mmoja uliosema kwamba maelezo yake yamepokewa na kukubaliwa. Alistaafu mwaka 2020 akapata mafao yake. Lakini aliniambia kwamba katika miezi ile ya kungoja alikuwa akiingia darasani na kuona kama watoto wa darasa la kwanza nao wanajua.

Msomaji atauliza: kwa nini hakwenda mahakamani? Njia ipo, ila ni ndefu, na ni vema kila mwalimu aijue. Tangu Sheria Na. 25 ya mwaka 2015, masuala ya walimu wa shule za msingi na sekondari za Serikali yako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanza kazi Julai 2016 mahali pa Idara ya Utumishi wa Walimu. Uamuzi wa nidhamu hutolewa ngazi ya wilaya. Asiyeridhika hukata rufaa kwa Tume, na kutoka hapo kwa Rais. Mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma iliongezewa kifungu cha 32A, kinachomtaka mtumishi wa umma amalize kwanza ngazi hizi za ndani kabla ya kufuata njia za sheria za kazi. Wapo waliokimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wakashinda huko, kisha ushindi ukafutwa kwa sababu waligonga mlango usio wao. Mahakama ya Rufani iliuweka wazi msimamo huo mwaka 2022 katika shauri lililolihusu Shirika la Posta. Anayetaka Mahakama Kuu ifanye mapitio ya uamuzi wa mamlaka hana budi kuomba kibali ndani ya miezi 6. Mtu wa Mgololo anayesubiri barua ijibiwe na barua anaweza kuamka siku moja akakuta miezi hiyo imekwisha.

Na juu ya sheria zote hizo ipo Katiba. Ibara ya 13(6)(a) inasema kwamba mtu ambaye haki na wajibu wake unaamuliwa na mahakama au chombo kingine ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufaa. Orodha haisikilizi, ndugu zangu. Kompyuta inaweza kukuambia kwamba kumbukumbu hazilingani; haiwezi kukuambia kwa nini. Mwanamke aliyeolewa akabadili jina, mtu ambaye karani alikosea herufi moja ya jina lake, na mtu aliyenunua cheti mjini, wote watatu huonekana sawa kwenye orodha.

Majirani zetu wa Kenya nao wamepita njia yao. Huko kesi ilikuwa imegeuka: walimu walikuwa na vyeti na wamesajiliwa, lakini waliajiriwa kwa jina la wanagenzi katika shule za sekondari za chini, kwa posho badala ya mshahara kamili. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi jijini Nairobi iliamua kwamba Tume ya Kuajiri Walimu haina mamlaka ya kuajiri mwalimu mwenye sifa kamili kama mwanagenzi. Somo ni lilelile limetazamwa upande wa pili: sifa zikishawekwa na sheria, zinamfunga hata yule aliyeziweka.

Sasa nifike kwa yule mwalimu wa pili, ambaye ningependa kumruka.

Alikuja shuleni kwangu mwaka 1994, kijana mwembamba, hodari wa hisabati. Darasa la saba lake lilifaulisha kuliko madarasa ya kabla yake. Mwaka 1999 alifiwa na mama yake, nami nilikwenda msibani kwao na walimu wawili. Pale nilisikia shangazi zake wanamwita kwa jina jingine. Jina tulilokuwa tukimwita sisi shuleni lilitajwa pia, lakini lilitajwa pamoja na marehemu: kaka yake, aliyemaliza kidato cha nne na kufariki kabla hajaenda popote. Nilielewa palepale. Yeye aliniona nimeelewa. Tulirudi ndani ya basi moja bila kusemezana.

Sikusema kwa mtu. Nilijiambia kwamba nina walimu 6 kwa watoto zaidi ya 400, na kwamba anayejua hisabati ni yeye. Nilijiambia kwamba marehemu hadhuriki. Nilipostaafu mwaka 2012 niliiacha siri ile shuleni kama mtu anavyoacha funguo. Mei 2017 alifungasha vitu vyake na kuondoka kabla ya tarehe 15, bila kuaga. Mwaka 2022 Serikali ilikubali kuwarudishia walioondolewa kwa vyeti vya kughushi michango yao wenyewe waliyokatwa kwenye mishahara, na malipo yakaanza Novemba. Nasikia naye alipata. Ni haki, kwa kuwa jasho lake halikuwa la kughushi. Lakini hakuwa na shauri la kupeleka mbele ya yeyote. Hata angesikilizwa kwa ukamilifu, lile swali la sheria ya siku ile lisingemwokoa, kwa sababu siku ile alikuwa tayari amesema uongo.

Miaka mingi nilimhurumia yeye tu. Sikuhizi namfikiria mtu mwingine nisiyemjua: kijana aliyekuwa na cheti chake halali, akaomba nafasi chuoni mwaka uleule, akaambiwa nafasi zimejaa. Kiti kilikuwa kimekaliwa na marehemu. Kijana huyo labda aliishia kupasua mbao Sao Hill. Nilipomnyamazia mwalimu wangu hodari, huyo ndiye niliyemnyima, na hakuja kubisha hodi kwangu kwa kuwa hakunijua.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema uhakiki ulikuwa ukatili mtupu, wala wanaosema kila aliyekutwa na upungufu alistahili. Yule mama na yule kijana waliwekwa katika zoezi moja, wakaogopa hofu moja, na baadhi ya watu kijijini waliwasema kwa maneno yaleyale. Kazi ya sheria ilikuwa kuwatenganisha. Kwa mmoja ilifanya hivyo kwa sababu tu alikuwa ametunza karatasi zake, na kwa sababu mzee aliyemsimamia alikuwa bado hai na ana daftari. Najiuliza ni wangapi kati ya wale wa 1977 ambao msimamizi wao alikuwa amekwisha kuzikwa.

Kwa hiyo nawaomba vijana walimu mambo mawili. Tunzeni barua ya ajira kama mnavyotunza cheti, maana cheti husema ulisoma nini, na barua husema ulikubaliwa kwa masharti gani. Na ninyi mtakaokuja kuwa wakuu wa shule, mkijua jambo, lisemeni mapema, wakati bado linaweza kurekebishwa. Mama yule bado anaishi kilomita chache kutoka hapa. Jumamosi huniletea mahindi ya kuchoma, na kila mara hunikuta nimeacha taa ya baraza ikiwaka.